Uloto wa Nyonga au Seli Shina za Damu ya Mzunguko: Ulinganisho kwa Familia Yenye Mtoto wa Selimundu

Tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilipoanza, mwaka 2023, kuwapandikiza watoto wenye selimundu uloto, yaani ile tishu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, wazazi wa Dodoma, Singida, Tabora na mikoa ya Kanda ya Ziwa wamejikuta wakijadili jambo ambalo zamani liliwahusu wachache waliopata nafasi ya kupelekwa India. Maswali ya mwanzo huwa juu ya gharama na juu ya ndugu yupi atafaa kuchangia. Swali la tatu huja baadaye, mara nyingi mezani kwa daktari na familia ikiwa haijajiandaa: seli za mchangiaji zivutwe kwa sindano kutoka kwenye mfupa wa nyonga, au zikusanywe kwa mashine kutoka kwenye damu inayozunguka mwilini? Njia ya pili husikika nyepesi, kwa kuwa haina nusukaputi wala chumba cha upasuaji, na ndiyo maana familia nyingi huielekea haraka. Makala haya yanalinganisha njia hizo mbili kwa kuangalia zaidi seli zinazoingia ndani ya mfuko anaowekewa mtoto kupitia mshipa, kama mfuko wa damu, kwa sababu urahisi wa kuzipata seli hausemi lolote kuhusu kazi zitakayoifanya ndani ya mwili wa mgonjwa.

Si kila mtoto wa selimundu anayehitaji kupandikizwa, na jambo hilo litangulie. Nchini Tanzania makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni watoto 11,000 au zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, na wengi wao husaidiwa vya kutosha na dawa ya haidroksiyurea, kinga dhidi ya malaria na maambukizi, pamoja na kliniki za kila mara. Upandikizaji hufikiriwa zaidi kwa mtoto aliyepata kiharusi, aliyelazwa mara kwa mara kwa tatizo la kifua linalotokana na selimundu, au anayeendelea kuteswa na maumivu makali ingawa anatumia dawa ipasavyo.

Kilichomo ndani ya uloto

Uloto mwekundu ni tishu laini iliyojaa ndani ya mifupa. Kwa mtoto mchanga umo karibu katika mifupa yote, lakini mtu anapokua hubaki zaidi katika nyonga, kidari, mbavu, fuvu na pingili za uti wa mgongo. Ndani yake zinaishi pamoja koo mbili za seli shina, yaani seli mama zinazojizalisha na kuzaa seli za aina nyingine, na koo hizo hazipaswi kuchanganywa. Ukoo wa kwanza ni seli shina za damu, ambazo kuwapo kwake kulithibitishwa kwa majaribio ya panya yaliyofanywa Toronto na James Till na Ernest McCulloch, waliochapisha matokeo yao mwaka 1961. Ukoo wa pili ni seli shina za tishu shikizi, yaani ile tishu inayoshikilia na kulea seli nyingine ndani ya uloto. Huu ulianza kueleweka kupitia kazi ya Alexander Friedenstein wa Moscow katika miaka ya 1960 na 1970, alipoonyesha kwamba uloto uliopandikizwa mahali pengine mwilini mwa mnyama unaweza kutengeneza mfupa mpya, na kwamba uwezo huo hautokani na seli za damu.

Seli shina ya damu inapogawanyika, baadhi ya mazao yake hubaki kuwa seli shina na mengine hushika mojawapo ya njia kuu mbili. Njia ya mailoidi huzaa seli nyekundu, chembe sahani zinazogandisha damu, nyutrofili zinazopambana na bakteria, na monosaiti ambazo zikiingia katika tishu hugeuka kuwa seli walaji. Njia ya limfoidi huzaa seli B, seli T na seli asilia za kuua. Seli B hupevukia humo humo ndani ya uloto kabla ya kwenda kwenye wengu na matezi, ambako baadhi yake huwa viwanda vya kingamwili. Seli T ni tofauti: watangulizi wake huuacha uloto wakiwa wachanga na kuhamia kwenye tezi ya thaimasi, iliyo kifuani juu ya moyo, ambako huchujwa vikali ili zile zinazoweza kuushambulia mwili wenyewe ziondolewe. Tezi hiyo hunywea kadiri miaka inavyosonga, na hiyo ni mojawapo ya sababu za mtoto kujenga upya kinga yake baada ya upandikizaji vizuri zaidi kuliko mtu mzima.

Kazi hii ni kubwa kupita kiasi ambacho wengi hukidhania. Kwa mtu mzima mwenye afya, uloto hutoa takriban seli nyekundu bilioni 200 kwa siku, na kila moja huishi siku zipatazo 120. Seli nyekundu ya mgonjwa wa selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu, kwa hiyo uloto wake hulazimika kufanya kazi mara kadhaa zaidi bila kupumzika, hata kufikia kutanua mifupa ya fuvu la mtoto.

Kwa upande wa mfupa mambo yana mgawanyo wa kushangaza. Seli zinazojenga mfupa, ziitwazo osteoblasti, hutokana na ukoo wa tishu shikizi, ambao pia huzaa seli za mafuta za uloto. Baadhi ya osteoblasti hufunikwa na mfupa zilioujenga zenyewe, zikawa osteosaiti, na hizi ndizo zaidi ya asilimia 90 ya seli zote za mfupa uliokomaa. Lakini seli zinazokula mfupa wa zamani ili nafasi ya mfupa mpya ipatikane, yaani osteoklasti, hazina undugu na hizo kabisa. Zinatokana na seli shina za damu, kupitia njia ile ile inayozaa monosaiti, na monosaiti kadhaa huungana kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi. Kwa maneno mengine, mjenzi wa mfupa na mbomoaji wake wametoka koo tofauti, na mbomoaji ni binamu wa seli za kinga.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ulitolewa mwaka 1980, wakati madaktari wa Marekani walipochapisha habari za mtoto mchanga wa kike aliyezaliwa na ugonjwa wa mifupa kuwa migumu na mizito kwa sababu osteoklasti zake hazikufanya kazi. Alipewa uloto wa kaka yake. Baada ya hapo osteoklasti zilizochunguzwa zilionekana kuwa na kromosomu ya kiume, yaani zilitoka kwa kaka, huku osteoblasti zikibaki za msichana mwenyewe. Ni sawa na shamba la zabibu lililong'olewa mizabibu yote na kupandwa miche ya jirani: mazao hubadilika, ila udongo na miti ya kuegemeza hubaki vya mwenye shamba. Jambo hili litaamua sehemu ya ulinganisho wetu, hasa kwa wazazi wanaotarajia upandikizaji uponye nyonga iliyokwisha kuharibika.

Jinsi seli zinavyopatikana

Katika njia ya nyonga, mchangiaji hulazwa kifudifudi akiwa chini ya nusukaputi, na madaktari huvuta uloto kwa sindano kutoka sehemu ya nyuma ya mfupa wa nyonga, wakirudia mara nyingi kupitia matundu machache ya ngozi. Kiasi cha juu kinachokubalika ni mililita 20 kwa kila kilo ya uzito wa mchangiaji, hivyo mtoto wa kilo 20 hatavutwa zaidi ya mililita 400. Hakuna mfupa unaokatwa wala kuondolewa. Hofu kwamba mchangiaji atabaki na ulemavu wa mguu au kwamba hatazaa ni hofu inayosikika sana vijijini kwetu, na inastahili kujibiwa kwa upole na kwa uwazi: uloto uliotolewa hujijaza wenyewe ndani ya wiki nne hadi sita, na kinachobaki kwa siku chache ni maumivu ya kiuno na uchovu. Hatari iliyopo kweli ni ile ya nusukaputi, ambayo ni ndogo ila haiwezi kusemwa kuwa haipo.

Katika njia ya damu ya mzunguko, seli shina hulazimika kwanza kutolewa makazini mwake. Kwa kawaida zimeshikiliwa ndani ya uloto na seli za ule ukoo wa pili, ambazo hutoa kemikali inayozivuta seli shina na kuzituliza mahali pake. Mchangiaji huchomwa kila siku, kwa siku nne au tano, homoni ya kukuza nyutrofili kwa kipimo cha kawaida cha mikrogramu 10 kwa kila kilo. Dawa hiyo hupunguza kemikali hiyo ya kushikilia, na hata kazi ya osteoblasti hupungua kwa muda, kisha seli shina huachiwa na kumiminika katika damu. Ndiyo maana mchangiaji huumwa mifupa katika siku hizo, maumivu ambayo kwa kawaida hutulizwa na parasetamoli. Kisha damu yake hupitishwa katika mashine kwa saa nne hadi sita, seli zinazohitajika zikichujwa na nyingine kurudishwa mwilini.

Kwa mchangiaji mtu mzima mwenye mishipa mizuri, ni kweli kwamba njia ya pili ni nyepesi. Lakini katika selimundu mchangiaji mara nyingi ni kaka au dada wa mgonjwa, naye huwa mtoto, na hapo mizani hubadilika. Mishipa yake ni midogo, kwa hiyo huenda akahitaji mrija mkubwa shingoni au kwenye paja, ambao nao huweza kuhitaji dawa ya usingizi. Mashine yenyewe hujazwa damu nje ya mwili, na mchangiaji akiwa na uzito mdogo sana hulazimika kutanguliziwa damu ya mtu mwingine ndani ya mashine ili asipungukiwe, yaani mtoto mzima wa afya anawekewa damu isiyo yake kwa ajili ya faida ya ndugu yake. Kuongeza hapo siku kadhaa za homoni ambayo mwili wake haukuihitaji ni jambo la kufikiriwa kwa makini. Ninavyoona, hoja ya wepesi haina nguvu kwa mchangiaji wa darasa la pili.

Tahadhari moja haina mjadala. Homoni hiyo haipaswi kutumiwa kukusanya seli kwa mgonjwa wa selimundu mwenyewe, maana imewahi kusababisha madhara makubwa na hata vifo. Ndugu mbebaji, yaani mwenye kinasaba kimoja tu cha selimundu na asiye na ugonjwa, ni suala tofauti; anakubalika kuchangia kwa njia yoyote kati ya hizi mbili.

Tofauti iliyomo ndani ya mfuko

Mifuko miwili inaweza kufanana rangi isipotazamwa kwa makini, lakini yaliyomo hayafanani. Mfuko wa damu ya mzunguko huwa na seli shina nyingi zaidi, na kwa hiyo nyutrofili za mpokeaji hurudi mapema, takriban katika wiki ya pili, ilhali kwa uloto wa nyonga huelekea wiki ya tatu. Siku hizo chache si kitu kidogo, kwa sababu mtoto asiye na nyutrofili hana ulinzi dhidi ya bakteria, na kila siku inayopungua ni hatari inayopungua. Mfuko wa damu una faida nyingine: una seli nyekundu chache, hivyo makundi ya damu ya ndugu hao yakitofautiana hakuna kazi kubwa ya kuusafisha. Uloto wa nyonga umechanganyika na damu nyingi na huenda ukahitaji kuondolewa seli nyekundu kwanza. Tofauti ya kundi la damu peke yake haizuii upandikizaji; mpokeaji hatimaye huchukua kundi la mchangiaji.

Tatizo ni seli T zilizokomaa. Mfuko wa damu ya mzunguko huzibeba kwa wingi unaokaribia mara kumi ya zile za mfuko wa uloto. Seli hizi zilichujwa katika thaimasi ya mchangiaji, zikafundishwa kuuvumilia mwili wa mchangiaji, wala hazijawahi kufundishwa kuuvumilia mwili wa mpokeaji. Zikiona tofauti, hushambulia ngozi, ini na utumbo, na pengine hali hiyo huwa sugu, ikakausha macho na mdomo, ikakaza ngozi, ikaharibu mapafu, na kumfunga mgonjwa katika dawa za kupunguza kinga kwa miaka.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliofanywa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 551 wenye saratani za damu waliopewa seli za wachangiaji wasio ndugu zao, ulionyesha mvutano huo waziwazi. Baada ya miaka miwili shambulio sugu lilikuwa limewapata asilimia 53 ya waliopewa seli za damu ya mzunguko, na asilimia 41 ya waliopewa uloto. Kwa upande mwingine, pandikizi lilishindwa kushika kwa asilimia 3 ya kundi la kwanza na asilimia 9 ya kundi la pili. Uhai haukutofautiana kwa kiwango cha kuaminika. Takwimu hizo ni za wachangiaji wasio ndugu na wagonjwa wa saratani, kwa hiyo haziwezi kuhamishwa zilivyo hadi kwa mtoto wa selimundu anayepewa seli na dada yake, lakini mwelekeo wake unaeleweka kutokana na seli zenyewe.

Hapa ndipo ugonjwa unaotibiwa unapokuwa na kauli ya mwisho. Kwa mgonjwa wa saratani ya damu, seli T za mchangiaji zina manufaa, kwani sehemu ya ukali wake huelekezwa kwenye seli za saratani zilizojificha. Mtoto wa selimundu hana saratani ya kuwindwa. Ukali wa seli T kwake ni hasara iliyo karibu tupu. Tena si lazima hata damu yake yote itokane na seli za mchangiaji: imeonekana kwamba uloto wake ukiwa na takriban asilimia 20 tu ya seli za mchangiaji katika njia ya mailoidi, dalili za ugonjwa huweza kuondoka, kwa kuwa seli nyekundu zenye afya huishi muda mrefu na kuzishinda zile zenye kasoro kwa idadi. Ndiyo sababu katika kumbukumbu za kimataifa za wagonjwa 1,000 wa selimundu waliopandikizwa kati ya 1986 na 2013 kwa seli za ndugu wanaolingana nao, 839 walipewa uloto wa nyonga, 73 seli za damu ya mzunguko, na 88 damu ya kitovu. Kwa jumla ya kundi hilo, takriban asilimia 93 walikuwa hai baada ya miaka mitano, na matokeo yalikuwa mazuri zaidi kadiri mgonjwa alivyopandikizwa akiwa na umri mdogo.

Kwa hiyo, kwa mtoto wa selimundu aliye na ndugu anayelingana naye, uamuzi wangu ni uloto wa nyonga, na ningehitaji sababu nzito kuuacha. Sababu hizo zipo. Mgonjwa mtu mzima ambaye kabla ya kupandikizwa anaandaliwa kwa tiba hafifu, isiyoufuta uloto wake wote, huenda akahitaji wingi wa seli shina wa mfuko wa damu ili pandikizi lishike, na ziko taratibu zilizobuniwa Marekani zinazotumia njia hiyo pamoja na dawa za kuzidhibiti seli T. Vivyo hivyo mchangiaji ambaye nusukaputi ni hatari kwake kutokana na ugonjwa mwingine.

Kuhusu mifupa, matarajio yawe ya wastani. Mfuko wowote utakaochaguliwa, osteoblasti za mtoto zitabaki zake, na kichwa cha paja kilichokufa kwa kukosa damu hakitafufuliwa na seli za ndugu yake. Upandikizaji unaweza kuzuia vipindi vipya vya kuziba mishipa, jambo ambalo ni kubwa, ila mtoto ambaye tayari anachechemea ataendelea kuhitaji daktari wa mifupa.

Ndugu yupi, na lini

Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu katika vinasaba vya ulinganifu wa tishu vilivyo kwenye kromosomu ya 6. Kinasaba cha selimundu kiko kwenye kromosomu ya 11 na hurithiwa kivyake, kwa hiyo wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, nafasi ya ndugu mmoja kulingana na mgonjwa na wakati huo huo kutokuwa na selimundu ni tatu kati ya 16, yaani chini kidogo ya asilimia 19. Familia yenye watoto wengi ina bahati zaidi, lakini haina uhakika. Ni vyema vipimo vya ndugu vifanywe mapema, kabla ya kuuza ng'ombe au kukopa kwa ajili ya safari na malazi.

Kuhusu malazi, familia ya Meatu au Kondoa ijue kwamba kurudi nyumbani hakufuati mara tu nyutrofili zinaporudi. Seli asilia za kuua hurejea ndani ya wiki chache, seli B huchukua miezi, na seli T mpya zinazopitia thaimasi huweza kuchukua mwaka mmoja hadi miwili. Kwa takriban siku 100 za mwanzo mtoto anapaswa kukaa karibu na hospitali, na joto la mwili likifika nyuzi 38 apelekwe saa hiyo hiyo, iwe usiku au Jumapili. Chanjo alizopata utotoni huhesabiwa kuwa zimefutika. Za kawaida huanzishwa upya baada ya miezi sita hadi 12, na chanjo ya surua, ambayo ni ya virusi hai, haitolewi kabla ya miezi 24. Dawa za kuuandaa mwili kabla ya kupandikizwa, hasa busulfani, huweza kuathiri uzazi wa baadaye, na swali hilo liulizwe kabla ya dozi ya kwanza kutolewa.

Ikiwa ndugu pekee anayelingana ni mdogo sana kuliko mgonjwa, kilo 12 kwa kilo 35 kwa mfano, kiwango cha mililita 20 kwa kilo hakitatoa seli za kutosha, na haipendezi kukimbilia mashine kwa mtoto wa ukubwa huo. Kusubiri akue ndilo jibu la kawaida, mgonjwa akiendelea na haidroksiyurea au kubadilishiwa damu. Kama mama ni mjamzito, kuna mlango mwingine mdogo: damu ya kitovu cha mtoto atakayezaliwa, ambayo kwa mara ya kwanza ilitumika Paris mwaka 1988. Seli zake ni chache na hushika polepole, lakini zikihifadhiwa katika nitrojeni ya kimiminika zinaweza baadaye kuunganishwa na uloto kidogo wa mtoto huyo huyo akishakua, iwapo atalingana na mgonjwa. Mzazi anayetaka kulifikiria hilo amweleze daktari wa damu miezi kadhaa kabla ya tarehe ya kujifungua, ili ifahamike kama kuna kituo kinachoweza kuikusanya na kuihifadhi, maana damu hiyo hupatikana dakika chache tu baada ya mtoto kuzaliwa.